Mdogo wangu ametoka mahabusu, nami sitaki kuwa askari wake

Kwako Mshauri,

Salaam nyingi. Nakuandikia kuhusu mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu. Alikaa mahabusu karibu miaka minne akisubiri kesi yake isikilizwe, kisha mahakama ikamwachia huru kwa kukosekana kwa ushahidi. Hakuhukumiwa kwa kosa lolote. Lakini watu hawaulizi hukumu, wanasema tu "yule aliyetoka jela", na mwenye kazi akishasikia hivyo hapigi simu tena. Karibu theluthi moja ya watu walioko magerezani duniani wako kama alivyokuwa yeye, bado hawajahukumiwa. Wengi wao watarudi majumbani kama alivyorudi huyu, na kuna dada au mama atakayewapokea bila kuambiwa afanye nini.

Kilichonisukuma kuandika ni dawa za kifua kikuu.

Aliugulia ndani. Selo yao ilijaa hadi wakawa wanalala ubavu ubavu, mmoja akigeuka wote wanageuka, na hewa inaingilia kitundu cha juu ukutani. TB haihitaji zaidi ya hapo. Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya kuugua TB gerezani ni karibu mara 10 ya ile ya uraiani. Alianzishiwa dozi kwenye zahanati ya gereza, akapata nafuu. Siku alipoachiwa aliondokea mahakamani na nguo alizovaa. Vidonge vikabaki, kadi ikabaki, na hakuna aliyempa barua ya kuhamishia matibabu kwingine. Kanuni za Mandela kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka matibabu ya aliyefungwa yaendelee hata anapotoka. Yake yaliishia getini.

Alikaa kimya wiki kadhaa. Nilipomsikia anakohoa usiku ndipo akanieleza, tukaenda kliniki akapimwa makohozi, akaanza upya. Mama tunaishi naye na ana kisukari, ugonjwa unaoipa TB nafasi, hivyo tulipimwa nyumba nzima pamoja na watoto. Tuko salama, namshukuru Mungu. Muuguzi alinieleza vizuri kwamba dozi hii ni ya miezi 6, na akiikatisha tena vijidudu vinaweza kuwa sugu, na tiba ya usugu ni nzito zaidi. Akaniomba niwe msimamizi wa dozi: nimwone kwa macho yangu akimeza kila siku.

Hapo ndipo penye shida yangu, Mshauri. Nikisimama mbele yake na maji na vidonge, mdogo wangu anabadilika. Anasimama wima, mikono nyuma, macho chini. Anameza, halafu anafungua kinywa nikague, na mimi sijamwambia afungue. Wakati ule hamwoni dada yake, anamwona askari. Kuna asubuhi nyingine anakataa kabisa. "Dada, nimehesabiwa vya kutosha," anasema, anageukia ukutani. Nikimsihi anakuwa mkali, nikinyamaza nawaza wanangu na Mama.

Mengine nayaona na sina wa kumweleza. Anasimama mbele ya mlango ambao haujafungwa akisubiri afunguliwe. Anaomba ruhusa ya kwenda kuoga. Anakula haraka, mkono mmoja umeizungushia sahani. Taa ikizimwa hapati usingizi, maana kule ilikuwa inawaka usiku kucha, na mlio wa funguo unamshtua hata mchana. Mume wangu ni mtu mwema, lakini anaamini kazi ndiyo itamtibu. Sidhani. Mtu aliyeamriwa kila kitu kwa miaka, hata saa ya kwenda haja, akili haimrudii siku anayoachiwa.

Na kuna msiba. Baba alifariki mwanawe akiwa ndani. Hakuruhusiwa kuja kuzika. Habari aliipata kwa mgeni aliyekwenda kumwona mtu mwingine. Hadi leo hajataka kwenda makaburini, na Baba akitajwa anatoka nje. Mimi naona huzuni hii inamla kuliko hata kifua, kwa sababu sisi tulilia, tukakaa matanga, tukafarijiwa na watu, naye alilia katikati ya watu ambao kila mmoja alikuwa na lake. Mama naye, wageni wakija, huwaambia kijana alikuwa mbali kikazi. Anafanya hivyo kumkinga. Yeye yuko chumbani anasikia.

Nimemtajia kuonana na mnasihi, akaniuliza kama huko nako kuna meza na mtu wa kuandika anayoyasema. Nikakosa jibu. Ofisi yoyote yenye faili kwake ni kituo cha polisi.

Naomba unisaidie kwa haya. Kwanza, je, kliniki inaweza kukubali msimamizi wa dozi awe mtu mwingine, labda mhudumu wa afya wa mtaani au mtu aliyewahi kupona TB mwenyewe, ili mimi nibaki dada tu? Au nimwachie vidonge avishike mwenyewe, aweke alama kwenye kadi kwa mkono wake, nikijua kwamba akiruka siku kadhaa tunarudi kwenye hatari? Nahofia kumnyima imani, na nahofia pia kumwamini mapema.

Pili, mtu wa hali yake anaanzia wapi kuzungumza? Kuna vikundi vya waliowahi kufungwa wanaokutana wao kwa wao. Je, hilo lingemfaa kabla ya mnasihi? Na Mama, nimwombe aache kuwaambia wageni maneno yale, au kijana mwenyewe ndiye aulizwe anataka watu waambiwe nini?

Nasubiri jibu lako, na kama lipo la haraka zaidi basi liwe la dawa.

Wako,
Dada mkubwa