Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Nilipokabidhiwa kiti hiki mwaka jana niliwaahidi kwamba tutakapokutana tena, kila mmoja wetu atakuwa anajua kuhariri picha ya gari aliyoipiga ndani ya mchezo wa video wa mbio za magari. Ahadi imetimia kwa kiasi, ila si kwa njia niliyoitarajia. Nusu ya kwanza ya mwaka hatukuhariri chochote cha maana. Tulikuwa tunauguza picha ambazo hazikupaswa kuugua. Taarifa hii kwa sehemu kubwa ni maelezo ya jinsi tulivyoligundua hilo, na pia ni kuomba radhi kwa wale waliolisema tangu kikao cha pili nami nikawaambia wangoje zamu yao.

Nianze na meno ya msumeno, maana ndiyo yaliyotula muda. Mnayajua: ukingo wa spoila (bawa la nyuma ya gari), nyaya za umeme kwa nyuma, uzio wa kando ya njia, vyote vinaonekana kama vimekatwa kwa kisu butu. Sababu yake ni nyepesi. Pikseli, yaani kile kitone kidogo kabisa cha picha, hubeba rangi moja tu, na mstari wa mshazari ukipita katikati yake, lazima iamue kuwa gari au kuwa anga. Sisi tulilipokea tatizo hili kama kazi ya brashi. Vikao vitatu vizima tulikaa tukipaka ukungu kwenye kingo, na gari likaishia kuonekana kana kwamba limeegeshwa nyuma ya mvuke wa chungu.

Dawa ilikuwa kupiga picha kubwa kuliko inayohitajika. Picha ya 3840 kwa 2160 ina pikseli zaidi ya milioni 8. Ukiipunguza hadi 1920 kwa 1080, kila pikseli nne zinachanganywa kuwa moja, na ule uamuzi wa gari au anga unakuwa wastani wa maamuzi manne. Meno yanalainika bila mtu kugusa brashi. Kuna na jambo jingine dogo la subira: michezo mingi ya sasa hulainisha kingo kwa kuchanganya fremu iliyopo, yaani picha ya papo hiyo kwenye skrini, na zilizotangulia. Ukisimamisha mchezo na kubonyeza papo hapo, unapata mzimu wa bawa la nyuma ukilifuata gari. Tulia kidogo, kamera isitikisike, ndipo upige.

La pili lilikuwa faili lenyewe. Wengi wetu tulikuwa tunaleta JPEG, aina ya faili inayobana picha, bila kujua, kwa kuwa mashine nyingi huhifadhi hivyo hadi uingie kwenye mipangilio ubadilishe. JPEG huikata picha katika vimraba vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa undani ambao jicho halitaukosa sana, na mara nyingi rangi huhifadhiwa kwa nusu ya upana na nusu ya urefu wa picha. Kwa picha ya mandhari hutaona kitu. Kwa gari jekundu lenye namba nyeupe mlangoni, utaona wekundu umevuja hadi ndani ya namba. Kisha mtu anaifungua, anagusa mwanga kidogo, anahifadhi tena JPEG, kesho vilevile. Kila safari kitu kinapungua. Maji yakimwagika hayazoleki, na undani uliotupwa haurudishwi na kitufe cha kunoa. Tangu katikati ya mwaka kamati haipokei kitu ila PNG, isiyopoteza hata pikseli moja. Wanaochezea kwenye Steam, lile duka la michezo ya kompyuta, wakague mipangilio yao, mna sehemu ya kuhifadhi nakala isiyobanwa. Na tafadhali, picha iliyopitia kwenye programu ya kutumiana ujumbe imekwisha kukamuliwa. Msiniletee hiyo kisha mniambie ndiyo asilia.

Tulipoyamaliza hayo mawili, kazi iliyobaki ikawa ndogo kiasi kwamba tuliona haya. Ndipo tukaanza kujifunza kuhariri.

Kwenye kusafisha, somo lililozaa zaidi ni tofauti kati ya stempu ya kunakili na brashi ya kuponya. Stempu huchukua kipande na kukibandika kilivyo. Brashi ya kuponya huchukua umbile la kipande, halafu hulazimisha rangi na mwanga wake vifanane na majirani wa pale kinapowekwa. Kwa doa lililo katikati ya lami, brashi ya kuponya haina mpinzani. Lakini ipeleke karibu na ukingo wa boneti, itadhani boneti nayo ni jirani, na utapata tope jekundu limeingia angani. Kwa hiyo: kando ya gari tumieni stempu, uwanja wazi tumieni brashi. Na yote yafanyike juu ya tabaka tupu, kama karatasi angavu iliyolazwa juu ya picha, si juu ya picha yenyewe. Kuna mwenzetu aliyefanya kazi ya jioni nzima moja kwa moja kwenye picha, akafunga programu, asubuhi akagundua amefuta kioo cha pembeni. Hakuwa na pa kurudi.

Stempu nayo ina usaliti wake. Lami ina madoa, na ukinakili sehemu moja mara tatu, jicho la mtazamaji linayaona yale madoa matatu mapacha kabla halijaliona gari. Badilisheni chanzo mara kwa mara.

Wazee wetu wa michezo ya zamani walikuwa na mtihani wa peke yao. Modi ya picha, yaani sehemu ya mchezo ya kupigia picha magari, iliingia katika mfululizo wa Gran Turismo na toleo la 4, iliyotoka Japani Desemba 2004, na bado wapo wanachama wanaopiga humo kwa mapenzi. Hata Gran Turismo 5 ya mwaka 2010, kati ya magari yake zaidi ya 1,000, takriban 800 yalikuwa ya kiwango cha chini, yaliyobebwa kutoka matoleo ya nyuma. Kwenye magari hayo tao la juu ya tairi si duara, ni kona kadhaa zilizoshikana mikono. Kupiga picha kubwa hakusaidii, kwa sababu kona hizo ni umbo lenyewe la gari. Hapa ndipo mhariri anapostahili jina lake: chora duaradufu safi kwa kifaa cha uteuzi, jaza nje yake kwa rangi ya bodi, jaza ndani kwa giza, kisha rudisha mng'ao mwembamba wa ukingo. Picha bora ya mwaka, kwa maoni yangu na si kwa kura zenu, ilitoka kwenye kundi hili.

Sasa nifike kwenye aibu yangu, kabla mjumbe mwingine hajaifikisha. Katika onyesho la robo ya tatu nilileta gari la fedha lililosafishwa hadi likameremeta. Nilifuta tone la mafuta, nikafuta mistari ya matairi, na katika bidii hiyo nikafuta weusi mwembamba ulio chini kabisa, pale mpira unapoigusa lami. Niliudhania uchafu. Gari likaelea. Hakuna aliyeweza kusema mara moja kasoro iko wapi, watu walikuwa wanainamisha vichwa tu, mpaka kijana mmoja wa nyuma akauliza, "Mwenyekiti, hili linapaa?"

Baada ya hapo tulitenga kikao kizima kwa ajili ya kivuli. Kivuli cha gari ni viwili. Kuna kile kipana na laini kinacholala chini ya tumbo, na kuna ule uzi mweusi uliobanwa kati ya tairi na ardhi. Kila kimoja kipewe tabaka lake katika modi ya kuzidisha, inayotia giza bila kufunika kilicho chini, ili chembe za lami ziendelee kuonekana chini yake. Wala kisiwe cheusi tii. Mchana usio na mawingu kivuli hubeba ubuluu kidogo. Na ukibadilisha anga, mwulize kwanza kivuli jua liko wapi. Tulipokea picha moja nzuri mno ya machweo ambamo jua lilikuwa nyuma ya gari na kivuli kinaelekea hukohuko kwenye jua.

Magurudumu yaligawa chama. Wengine walitaka rimu zionekane kila spoki, maana walizilipia kwa fedha za mchezo. Wengine walitaka mwendo. Nilipiga hesabu ubaoni, nairudia hapa. Gari linalokwenda kilomita 200 kwa saa husafiri mita 55 na ushei kwa sekunde. Tairi lenye mzingo wa karibu mita 2 litazunguka mara 28 hivi katika sekunde hiyo. Kamera ikifunguka kwa 1/60 ya sekunde, rimu imekwenda karibu nusu mzunguko. Ikifunguka kwa 1/1000, imekwenda nyuzi 10 tu, na spoki zinaonekana. Basi anayetaka spoki asituletee mandhari iliyochanika mistari kwa nyuma, na anayetaka mistari akubali spoki ziyeyuke. Kuchukua vyote viwili ni kupaka rangi upepo.

Wanaotia ukungu wa mzunguko wenyewe wazingatie mawili. Gurudumu linaloonekana kwa pembe si duara, hivyo linyoosheni kwanza liwe duara, litieni ukungu, kisha lirudisheni kwenye umbo lake. Na kalipa ya breki, kile kibanio kinachoshika diski, haizunguki! Inakaa palepale nyuma ya spoki, kali kama ilivyo. Ukiona kalipa ya njano imegeuka pete ya njano, jua mhariri alikuwa na haraka.

Kuhusu rangi sitasema mengi, tumegombana vya kutosha. Nitaje tu ile mikanda inayojitokeza angani mnapovuta mwanga kwa nguvu. Faili la kawaida lina ngazi 256 kwa kila rangi, na mkizitawanya, mapengo yanaonekana. Chembechembe kidogo juu ya anga huyaficha. Picha zinazotoka zimepauka mara nyingi zimepigwa wakati HDR (mpangilio wa mwanga na rangi pana zaidi) imewashwa na kutazamwa kwenye skrini isiyo nayo; zima, piga upya.

Lilijitokeza pia suala la programu za kukuza picha kwa akili mnemba. Kamati ilizijaribu kwa nia njema. Kwenye bodi zinafanya kazi nzuri. Kwenye maandishi ya ubavuni mwa tairi zilituletea herufi zisizo za alfabeti yoyote duniani, na kwenye grili zikafuma wavu ambao mtengenezaji wa gari hakuwahi kuuwaza. Uamuzi wetu, ambao naomba mkutano huu uupitishe: mwanachama aruhusiwe kutumia chochote, lakini kila picha ya onyesho iambatane na faili lake asilia, na zote mbili zioneshwe sambamba. Najua kuna wanaoona hili ni kuwavua nguo hadharani. Mimi niliyeonesha gari linalopaa nawaambia mtazoea.

Mambo ya utawala ni machache. Mweka hazina atasoma hesabu baada yangu. Hatukununua programu yoyote, kwa kuwa GIMP na Krita ni za bure na zilitosha kwa kila nililolieleza hapa. Maktaba ya picha asilia imeanza, ila majina ya mafaili ni fujo. Nimekuta mafaili kumi na moja yanayoitwa "mwisho", na moja "mwisho kabisa". Nafasi ya msimamizi wa maonyesho iko wazi. Aliyekuwepo amemaliza muda wake, na tunamshukuru kwa uvumilivu, hasa nyakati zile za mikanda ya anga.

Mwaka ujao kamati inapendekeza mvua na usiku: matone juu ya kioo, taa zinazoakisiwa na lami iliyolowa, na kelele za giza, yaani zile chembechembe zinazojitokeza kwenye picha ya usiku. Kwa kikao cha kwanza kila mmoja alete picha moja ya usiku, PNG, ukubwa kamili, isiyoguswa. Isiyoguswa kabisa, hata mwanga. Tutazipanga ukutani, tuamue kwa pamoja zipi zinafaa kusafishwa na zipi mwenyewe arudi mchezoni akazipige upya.