Massiel hakubebwa: tuzihesabu kura za 1968

Ndugu Mhariri,

Makala ya gazeti lako kuhusu mwimbaji wa Hispania, Massiel, imesema mambo matatu: kwamba ushindi wake wa Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, mwaka 1968 ulinunuliwa na serikali ya Jenerali Franco, dikteta wa Hispania, kwamba alimpokonya wimbo huo wa ushindi, "La, la, la", mwimbaji Joan Manuel Serrat, na kwamba baada ya usiku ule hakusikika tena. La kwanza halijathibitishwa na mtu yeyote. La pili si kweli. La tatu linamdhulumu msanii ambaye kazi yake nzuri zaidi haimo kabisa katika wimbo ule.

Nianze na kura. Shindano lilifanyika London, katika ukumbi wa Royal Albert Hall, tarehe 6 Aprili 1968, na nchi 17 zilishiriki. Utaratibu wa alama 12 tunaoujua leo haukuwepo. Ulikuja mwaka 1975. Wakati ule kila nchi iliteua majaji 10 waliokaa kwao, kila jaji akiwa na kura moja tu, na hakuna aliyeruhusiwa kuipigia nchi yake. Kwa hiyo usiku mzima kulikuwa na kura 170 za kugawana nyimbo 17, wastani wa kura 10 kwa wimbo. Ndiyo maana alama 29 zilitosha kuchukua ushindi, jambo ambalo mwandishi wenu amelishangaa bila sababu.

Nchi zilitoa matokeo kwa mpangilio uleule wa kupanda jukwaani. Zilipokwisha kutoa nchi 15, Cliff Richard wa Uingereza alikuwa na kura 26 na Massiel 23. Zilibaki mbili. Ujerumani Magharibi ikaipa Hispania kura 6 na Uingereza 2, hesabu ikawa 29 kwa 28. Ya mwisho ilikuwa Yugoslavia, na hiyo haikumpa hata kura moja yeyote kati ya hao wawili. Mambo yakaishia hapo, kwa tofauti ya kura moja. Isabelle Aubret wa Ufaransa alikuwa wa tatu kwa alama 20.

Sasa tuipime hadithi ya kununua. Ilienea duniani mwaka 2008, miaka 40 baadaye, kutokana na filamu ya kumbukumbu ya televisheni ya Hispania ambamo mtangazaji José María Íñigo alisema wakubwa wa televisheni ya taifa, TVE, walizunguka Ulaya wakinunua vipindi ili wapate kura. Baadaye Íñigo alieleza kwamba alikuwa anarudia uvumi uliokuwa ukizungumzwa na watu wengi. Massiel alikasirika, na alikuwa na haki. Mtu aliyelipia ushindi hapangi kuachwa nyuma kwa kura 3 zikiwa zimebaki nchi mbili, ya mwisho ikiwa Yugoslavia ya Tito, nchi ya kikomunisti, ambayo utawala wa Franco usingetegemea hisani yake. Sisemi mfumo ulikuwa imara. Ulikuwa dhaifu mno: jaji mmoja wa Ujerumani angebadili mawazo kutoka Hispania kwenda Uingereza, Cliff Richard angeshinda kwa 29 dhidi ya 28. Lakini udhaifu huo ni wa pande zote, na anayedai rushwa inampasa aonyeshe nani alilipwa, nchi gani, kwa mkataba upi. Hilo halijafanyika.

Udhaifu wenyewe ulionekana wazi mwaka uliofuata pale Madrid, majaji wakiwa 10 vilevile. Nchi nne zilifungana kwa alama 18: Hispania, Uingereza, Uholanzi na Ufaransa. Kanuni ya kutenganisha waliofungana haikuwepo, wote wanne wakatangazwa washindi, na Salomé akawa Mhispania wa pili kushinda. Tangu hapo Hispania haijashinda tena. Kama fedha za dola ndizo zilizokuwa zikifanya kazi, mbona zilileta sare ya watu wanne nyumbani kwa mlipaji mwenyewe?

Kuhusu Serrat. "La, la, la" iliandikwa na Manuel de la Calva na Ramón Arcusa, wale wawili wa Barcelona waliojulikana kama Dúo Dinámico. TVE ilimteua Serrat kuuimba. Yeye alitaka auimbe kwa Kikatalani, lugha ya Katalunya na ya upande wa baba yake, ambayo utawala wa Franco ulikuwa umeibana shuleni na katika shughuli rasmi. TVE ilikataa, na mwishoni mwa Machi Serrat akatangaza kwamba hataimba. Tangu 1966 shindano lilikuwa na kanuni kwamba kila nchi iimbe kwa lugha yake ya taifa, na Kikatalani hakikuwa na hadhi hiyo. Kanuni ya Ulaya na siasa ya Madrid zilikutana mlango mmoja. Serrat alilipia msimamo wake kwa kufungiwa na televisheni ya taifa kwa miaka kadhaa, na heshima hiyo ni yake. Lakini Massiel hakumpokonya mtu chochote. Alikuwa Mexico kwenye ziara ya maonyesho alipoitwa, nafasi ikiwa tayari iko wazi.

Wasomaji wenu wangefaidika kujua kazi iliyofanyika katika siku zisizofika hata 14. Wimbo uliokuwa umeandaliwa na kurekodiwa kwa sauti ya mwanamume hauchukuliwi hivihivi ukaimbwa na mwanamke. Kimo cha sauti kinaangaliwa upya, na kikihamishwa, karatasi za kila chombo cha okestra zinaandikwa upya. Kosa moja la mnakili na tarumbeta zinalia nusu hatua nje ya wimbo. Zaidi ya hapo, London hapakuwa na kanda ya kusaidia. Muziki ulipigwa moja kwa moja na okestra ya ukumbi, chini ya Rafael Ibarbia kwa upande wa Hispania, na waitikiaji watatu wa kike walisimama jukwaani na Massiel. Alikuwa na umri wa miaka 20, amevaa gauni fupi la Courrèges, mbunifu wa mavazi wa Paris. Ukiangalia picha za usiku ule utaona anavyotumia mikono: anaifungua pale kiitikio kinapoanza na kuishusha kwenye beti. Huko ni kuzoea jukwaa. Baba yake, Emilio Santamaría, alikuwa meneja wa wasanii, na binti alikulia ndani ya kazi hiyo.

Mwandishi wenu ameudharau wimbo kwa kuwa una "la" nyingi. Ni kweli, zimehesabiwa 138. Ila hiyo ndiyo hila ya fundi. Palipo na kanuni ya kila nchi kuimba kwa lugha yake, jaji wa Helsinki au Oslo haelewi Kihispania. Ukimpa kiitikio kisicho na lugha, anaondoka nacho kichwani. Beti zenyewe si tupu: mwimbaji anaishukuru asubuhi, mama yake, ardhi na upendo, kwa maneno mafupi ya kila siku, kisha kiitikio kinabeba furaha ambayo maneno yameiandaa. Mwaka uliofuata Waingereza walimleta Lulu na "Boom Bang-a-Bang". Walikuwa wameelewa somo.

Jambo la tatu ndilo lililoniuma zaidi. Massiel hakuzaliwa London mwaka 1968. Alizaliwa Madrid tarehe 2 Agosti 1947, jina lake kamili María de los Ángeles Santamaría Espinosa, na mwaka 1967 tayari Hispania nzima ilikuwa ikiimba "Rosas en el mar", utunzi wa Luis Eduardo Aute, wimbo wa mtu anayetafuta upendo na uhuru katika nchi ambayo neno uhuru lilisemwa kwa kuzunguka. Huyo ndiye Massiel wa kweli kwangu: sauti nzito kidogo, ya kifuani, isiyobembeleza. Baada ya ushindi, kwa maelezo yake mwenyewe, alikataa nishani ya serikali ya Franco, na televisheni ikampa kisogo. Mtu aliyebebwa na dola haifanyii dola hivyo. Mwaka 1969 aliigiza katika filamu "Cantando a la vida". Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alipanda jukwaani kuimba mashairi ya Bertolt Brecht, mwandishi Mjerumani wa mrengo wa kushoto, Franco akiwa bado hai, na hapo palihitajika moyo kuliko Royal Albert Hall. Mwaka 1981 alirudi na "El amor", wimbo ambao Wahispania wengi wa rika lile wanaujua kwa moyo.

Naomba basi marekebisho yachapishwe. Neno "ulinunuliwa" lililomo kwenye kichwa cha habari liondolewe, maana hata aliyeieneza hadithi hiyo aliiita uvumi. Jina la watunzi liwekwe. Pia, kiungo cha sauti mlichokiweka chini ya makala ni "He Gives Me Love", toleo la Kiingereza lililorekodiwa kwa ajili ya soko la nje. Si wimbo ulioshindaniwa, maana London aliimba kwa Kihispania. Ni kosa linalofanywa sana na redio pia. Watangazaji watakaoupiga wajue kwamba jina lake hutamkwa Masi-EL, mkazo ukiwa mwishoni.

Na anayetaka kusikiliza kwa mpangilio, aanze na "Rosas en el mar", kisha "La, la, la" ya Serrat kwa Kikatalani, halafu ya Massiel. Ya Serrat ni tulivu, kama mtu anayejiimbia njiani. Ya Massiel inasimama katikati ya uwanja.

Wako,
Msomaji, Tanga