Jumamosi: barua za Herschel na Talbot

Wanakikundi, habari za jioni.

Jumamosi saa 10 jioni tunazungumzia barua za mwaka 1839 kati ya John Herschel na William Henry Fox Talbot, Mwingereza mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha. Herschel, mwanafalaki, alikuwa amerudi Uingereza mwaka uliotangulia, baada ya miaka minne ya kuchunguza anga la kusini akiwa Rasi ya Tumaini Jema.

Talbot alikuwa na shida moja kubwa. Picha zake za karatasi yenye chumvi za fedha (kemikali za fedha zinazobadilika kwa mwanga) ziliendelea kuwa nyeusi kila zikipigwa na mwanga. Alizizuia kwa chumvi ya kawaida, lakini haikutosha. Herschel alikuwa ameeleza tangu 1819 kwamba kemikali iitwayo haiposulfaiti ya soda ("haipo" kwa kifupi) huyeyusha chumvi za fedha. Mwishoni mwa Januari 1839, habari za Daguerre, Mfaransa aliyetangaza njia yake ya kupiga picha, zilipomfikia, akaijaribu, na picha ikatulia bila kuendelea kuwa nyeusi. Talbot alipomtembelea nyumbani kwake Slough, Uingereza, tarehe 1 Februari, Herschel akamweleza yote. Talbot naye, kwa idhini ya Herschel, akaiandika njia hiyo kwa mwanasayansi Biot huko Paris. Hapo ndipo naomba tukae sana: mtu anagawa ugunduzi wa namna hiyo wakati wenzake wanagombea nani alitangulia!

Barua za Talbot zinasomwa bure mtandaoni. Tafadhali someni za Januari hadi Machi 1839. Mwenye bando dogo aniambie, nitamtumia nakala.

Waliofanya kazi studio za picha enzi za filamu, njooni mtueleze mlivyotumia hiyo "haipo". Nani atatusomea upande wa Talbot kwa sauti?