Mwanangu Aika, soma kibandiko kabla ya kuwasha moto

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu Aika,

Shikamoo yako niliipokea kwenye simu, marahaba. Lakini tangu uliponiambia kwamba pale karakana mnakata bomba la friji yenye gesi ya 600a kwa moto, sijatulia. Jumatano unapanda basi la Kigali, na huko utakutana na vyumba vya baridi vikubwa kuliko friji yoyote uliyoishika. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ulinikatisha.

600a ni isobutane, ndugu wa gesi ya jikoni. Ikifika asilimia 1.8 tu ya hewa ya chumba, cheche moja inatosha. Tena ina uzito kama mara mbili ya hewa, kwa hiyo inalala sakafuni, pale pale kompresa na rilei yake, ile swichi ya kuiwasha, zilipo. Ukiona kwenye kibandiko pembetatu ya njano yenye mwali, tochi iweke chini. Toboa kwa vali ya kutobolea, mpira utoe nje ya jengo, mbali na jiko na swichi. Gesi ikiisha kutoka bado kazi haijaisha, maana mafuta ya kompresa yamenyonya nyingine. Ndiyo hiyo inayowadanganya mafundi: geji inasoma sifuri, mtu anawasha, mwali unamrukia kutoka kwenye bomba. Vuta kwa pampu, moshi wa pampu nao utoke nje, kisha pitisha naitrojeni, halafu kata kwa kikatio cha mkono. Baada ya hapo ndipo uwashe.

Wakati wa kulehemu, naitrojeni iendelee kupita polepole ndani ya bomba. Bila hiyo shaba inatoa magamba meusi, yanakwenda kuziba kapilari, lile bomba jembamba, na baada ya wiki mbili mteja anaambiwa kompresa imekufa. Weka draya, chujio la unyevu, mpya kila unapofungua mfumo, hata kama ya zamani inaonekana nzima. Kutafuta tundu, jaza naitrojeni mpaka PSI 150, pakaa povu la sabuni kwenye kila kiungo. Usitumie oksijeni kupima, hata siku moja, hata kama naitrojeni imeisha na mteja amesimama mlangoni. Oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka. Halafu vuta hewa kwa pampu (vakyumu) mpaka geji isome maikroni 500, funga vali, subiri dakika kumi. Ikipanda kidogo ikasimama, ni unyevu. Ikipanda bila kusimama, pana tundu, rudi kwenye povu. Gesi jaza kwa mzani. Friji ya nyumbani huchukua gramu 50 au 60 za 600a, na kukosea gramu kumi hapo ni kosa kubwa. Usijaze kwa kugusa bomba kama limepoa.

Mkono wako wa kulehemu ni mzuri, Aika, viungo vyako havirudiwi. Haraka ndiyo inayonitisha.

Uliniuliza kwa nini gesi zinabadilishwa kila mara, nami nikakujibu ovyo. Gesi ya zamani, R-12, ilikuwa na klorini, iliyokuwa inakula tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa kuziondoa gesi za namna hiyo ulitiwa saini tarehe 16 Septemba 1987, na mwaka 1990 ukaundwa mfuko wa kulipia mitambo na mafunzo kwa nchi kama zetu. Tukahamia 134a. Hiyo haigusi ozoni, lakini kilo yake moja inapasha dunia joto kama kilo 1,430 za hewa ukaa. Gramu 130 za friji moja ukiziachia dirishani, ni kama umechoma lita 80 za petroli. Chumba cha baridi cha maua chenye kilo 10 za gesi ya 404A kikivuja chote, ni kama tani 39 za hewa ukaa. Ndiyo maana tarehe 15 Oktoba 2016, huko huko Kigali unakokwenda, mataifa 197 yalikubaliana kuzipunguza gesi hizi pia. Nchi tajiri zilianza 2019. Kundi letu lilitakiwa kusimamisha ongezeko 2024, lipunguze asilimia 10 ifikapo 2029 na 80 ifikapo 2045. Wanasayansi wanakadiria makubaliano hayo yataepusha hadi nusu digrii ya joto kufikia mwisho wa karne hii. Lakini saini ya waziri haifungi vali, anayeifunga ni fundi.

Ule mtungi wa kurejeshea gesi ulioko stoo uchukue. Rangi yake bado mpya, na wewe unajua sababu. Gesi iliyopita dirishani hapa kwetu siwezi kuirudisha. Usiujaze zaidi ya asilimia 80, kimiminika kinahitaji nafasi ya kutanuka kukiwa na jua.

Na wale wanaojaza gesi ya jikoni kwenye friji ya 134a, usiwafuate hata wakikucheka. Mchanganyiko wake haujulikani, una unyevu na dawa ya harufu, na rilei ya friji ile haikutengenezwa kuzuia cheche. Mtungi wa 134a nao upime kabla ya kununua: ukiwa umelala kivulini kwenye nyuzi 25, geji isome karibu PSI 82. Ikisoma 137 umeuziwa R-22, gesi nyingine kabisa. Mbaya zaidi ni gesi ya methyl chloride iliyochanganywa humo, maana geji inaweza isiitambue, na ikikutana na alumini inazaa kitu kinacholipuka kikiguswa na hewa. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka Vietnam na Brazili kwa sababu hiyo, watu wakafa. Nunua kwa muuzaji mwenye risiti.

Bibi anakusalimu. Mfongo, mfereji wetu wa maji, umeziba kule juu, kwa hiyo migomba ya chini imeanza kunyauka. Zamu yetu ya maji ni Alhamisi na sasa sina wa kunisaidia. Mpira wa mlango wa friji ya mama yako umelegea tena, umeme wa LUKU unakwisha kabla ya tarehe 20. Nitaukanda kwa maji ya moto, ukigoma nitasubiri ulete mwingine.

Mzani nimekufungia kwenye kanga ya mama, betri za akiba zimo ndani. Ukivuka mpaka pale Rusumo piga simu, nami nitakuuliza tena: je, pale karakana bado mnakata kwa moto? Safari hii usinikatishe.

Baba yako