Pikipiki nayo ipewe fungu lake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wenye pikipiki na vijana wanaoziendesha hapa Tanga, kuanzia Ngamiani na Makorora hadi Pongwe na njia ya Pangani. Sisi ni mafundi. Injini ikishafunguliwa, vyuma vyake husema namna pikipiki ilivyoendeshwa. Husema pia namna watu wawili wanaoitegemea walivyokuwa wakiaminiana, na hilo la pili ndilo lililotufanya tuandike.

Pikipiki nyingi za biashara mjini hapa si mali ya anayezipanda. Ziko za hesabu: dereva hupeleka fedha kila jioni na chombo kinabaki cha tajiri. Ziko za mkataba: dereva hulipa siku hadi siku mpaka kiasi walichopatana kitimie, kisha kadi inageuzwa jina. Watu hupatana juu ya hesabu, siku ya mapumziko, na nani atalipa faini. Oili husahauliwa. Tajiri anaona oili ni ya dereva, maana yeye ndiye anayezunguka nayo kutwa. Dereva anaona ni ya tajiri, maana chombo bado kina jina lake. Kila mmoja ana hoja, na huku wanavutana, injini inakauka.

Katika pikipiki za cc 100 hadi 150 tulizozizoea, Boxer na TVS zikiwemo, oili ni hiyo hiyo moja inayolainisha pistoni, gia na klachi, na yote ni kama lita moja tu, au zaidi kidogo. Gari dogo lina lita tatu au nne, na giaboksi yake ina ya kwake peke yake. Basi pikipiki iliyopungua robo lita imepungukiwa sana. Sehemu ya kichwani ndiyo huumia mapema, kwa sababu kemshafti na roka, vyuma vinavyofungua valvu, ziko juu na oili lazima ipandishwe na pampu kutoka chini. Hapo ndipo unaposikia ule mlio wa tiki-tiki. Wengi hudhani tapeti, skrubu za kurekebisha nafasi ya valvu, zimelegea, wanazikaza. Tapeti ikikazwa kupita kipimo, valvu haifungi sawasawa, moto unapenya pembeni, na valvu inaungua. Nafasi ya tapeti kwa pikipiki nyingi hizi ni kati ya milimita 0.05 na 0.10, ipimwe kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, injini ikiwa baridi kabisa. Kuipima kwa sikio ni kubahatisha, na tunawaomba mafundi wenzetu tuache.

Oili ibadilishwe lini? Dereva anayetembea kilomita 120 kwa siku, siku sita kwa wiki, anafikisha kilomita 1,440 katika wiki mbili. Kitabu cha mtengenezaji kinaweza kuruhusu zaidi ya hapo, lakini bodaboda hubeba mzigo, husimama kijiweni injini ikinguruma, na hula vumbi. Kwa kazi ya namna hiyo sisi tunashauri wiki mbili, isizidi kilomita 1,500. Pikipiki mpya kabisa ibadilishwe mara ya kwanza kwenye kilomita 500, maana vyuma vipya vinaposuguana hutoa chenga zinazobaki ndani ya oili. Na kama waya wa mita umekatika, hesabu siku. Siku hazikatiki waya.

Kazi yenyewe ni ya nusu saa. Washa injini dakika tatu ipate joto, uzime. Pikipiki isimame kwenye stendi ya kati, mahali palipo sawa. Fungua nati ya chini, iache oili itoke hadi matone yaishe, kisha toa chujio la waya kama lipo, ulioshe kwa mafuta ya taa na kulikausha. Weka washa mpya, ile pete ya kuzibia, kwenye nati. Usikaze kwa kuning'inia kwenye spana: mwili wa injini ni aluminiamu na meno yake yakinyofoka gharama yake si ya oili tena. Mimina oili ya pikipiki, 20W-50 au ile kitabu kinayosema, yenye alama ya JASO MA kwenye chupa, yaani oili inayofaa klachi ya pikipiki. Oili nyingi za gari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo. Matokeo yake klachi inateleza, injini inapiga kelele na pikipiki haiendi. Washa tena kidogo, zima, subiri dakika mbili au tatu, ndipo uangalie kiooni au kwenye kijiti.

Asiyefanya hivyo ataona moshi wa buluu. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi, mara nyingi ni kabureta au chujio la hewa lililoziba, na dawa yake ni nyepesi. Wa buluu ni oili inayoungua, maana ringi zimelika au sili za valvu zimekufa. Zikiwa ni ringi na silinda imekwaruzika, itachongwa, iwekwe pistoni ya 0.25, safari nyingine ya 0.50, na kuendelea hadi silinda ikose nyama ya kuchonga. Siku zote ambazo pikipiki iko kwa fundi, tajiri hapati hesabu na dereva hana cha kupeleka nyumbani. Tena dereva wa mkataba huanza kuitunza miezi miwili ya mwisho, akijua sasa inakaribia kuwa yake. Anakuwa amechelewa. Anayegeuziwa kadi ndiye anayerithi uchovu wote alioupanda mwenyewe, na hili hutuumiza kila tunapoliona, kwa kuwa kijana amelipa mwaka mzima na zaidi.

Wavuvi wa pwani yetu walikwisha kulitatua jambo hili zamani. Mashua ikirudi, hutolewa kwanza gharama, kisha mapato hugawanywa mafungu: la mabaharia, la nyavu, na la chombo. Hakuna anayeuliza kalafati, ile kazi ya kuziba nyufa za mbao, ni ya nani. Chombo kina fungu lake, na fungu hilo ndilo linalokitengeneza. Tunapendekeza pikipiki nayo ipewe fungu. Shilingi 1,500 kwa siku zitolewe kabla hesabu haijapelekwa, na hesabu ipangwe kwa kulijua hilo. Siku 12 za kazi ni shilingi 18,000. Oili inunuliwe humo, kinachobaki kisubiri cheni, breki shuu na tairi. Fedha hizo zisiwe mfukoni mwa dereva wala mwa tajiri. Zikae kwa mtu wanayemwamini wote, au kwenye laini ya simu iliyotengwa kwa kazi hiyo tu.

Cheni ina adui wake hapa Tanga, nayo ni chumvi. Wanaopakia samaki pale Deep Sea wanajua maji ya barafu yanavyodondoka njia nzima juu ya cheni, rimu na njiti za gurudumu la nyuma. Weka karai au turubai lililokunjwa kingo chini ya tenga. Jioni suuza kwa maji ya kawaida yasiyo na chumvi, bila kuelekeza mpira wenye nguvu kwenye beringi za gurudumu na za usukani, kausha, kisha paka oili nzito namba 90 upande wa ndani wa cheni huku ukizungusha gurudumu. Cheni icheze milimita 20 hadi 30 katikati ya sehemu ya chini, na upimie mahali ilipokaza zaidi, maana haichakai sawa kote. Ikikazwa mno inaua beringi za gia na za gurudumu. Ikilegea mno inaruka, na ikiruka kwenye mwendo inaweza kulifunga gurudumu. Kilipu ya kiungo, upande wake uliozibwa uelekee cheni inakokwenda. Meno ya spoketi yakishakuwa kama pezi la papa, badilisha seti nzima, mbele, nyuma na cheni. Cheni mpya juu ya spoketi mbovu haidumu.

Kuhusu breki tuna maneno machache. Ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi, kwa hiyo anayeilegeza kwa kuiogopa amebaki na nusu breki. Aitumie pamoja na ya nyuma, taratibu kwenye mchanga. Na anayeshuka milima ya Amani kuelekea Muheza akiwa amezima injini ili kuokoa petroli anaziachia breki shuu kazi yote. Zikipata moto hazishiki, na nyuma yake kuna abiria. Ashuke na gia ya pili au ya tatu, injini ikiwaka.

Tunawaomba viongozi wa vijiwe waliingize fungu la chombo katika mikataba wanayoishuhudia, na pamoja nalo daftari dogo linalokaa chini ya kiti: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, saini ya dereva na ya tajiri. Tajiri asaini akiwa ameiona pikipiki kwa macho yake, ameinama na kutazama kioo cha oili, si kwa kupigiwa simu.

Wako,
Mafundi pikipiki,
Ngamiani, Tanga