Nizomeeni mimi, mke wangu mwacheni

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Nimesoma barua za wasomaji wenzangu wawili kuhusu kelele kwenye maonyesho ya mieleka ya kulipwa, na zote mbili zimenikera. Wa kwanza anasema mtu mzima anayemzomea mwanamieleka ni wa kuhurumiwa, kwa kuwa mshindi anajulikana kabla kengele haijalia. Anashauri watu wakae kimya, watazame. Wa pili anamjibu kwamba yeye kalipa kiingilio, hivyo atasema alitakalo kwa amtakaye. Mimi nilizomewa kwa miaka 9. Ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na kodi ya nyumba ilitoka humo, kwa hiyo nadhani ninalo la kuchangia.

Sikuwa maarufu. Nilikuwa adui, yule mbaya anayetakiwa kuchukiwa, wa kumbi ndogo, zile ambazo viti vya mbele vimesogezwa hadi jasho la wapiganaji linamrukia mtazamaji. Niliigiza mwalimu mkuu. Nilitokea nyuma ya pazia nimevaa suti, tai, miwani isiyo na vioo, na rula ndefu ya mbao kwapani. Kabla ya kugusa kamba nilichukua maikrofoni nikaamrisha watu wakae chini. "Wewe mwenye kofia, vua! Na wewe, chomekea shati!" Sijampiga mtu bado, na tayari watu 200 wananichukia kwa moyo mmoja, maana hakuna asiyewahi kufundishwa na mtu wa namna ile.

Usiku mmoja nikiwa katikati ya hotuba hiyo, nimeinua kidole, kijana wa miaka kama 12 aliyekaa pembeni mwa safu ya kwanza akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya heshima hata: "Mwalimu, zipu."

Nikainamisha macho kutazama.

Zipu ilikuwa imefungwa vizuri. Lakini nilikwisha kutazama, na ukumbi mzima ulikuwa umeniona nikitazama. Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Mpinzani wangu, ambaye alitakiwa kuwa na hasira, aligeukia nguzo ya ulingo akajifunika uso kwa mikono, mabega yanatikisika. Tangu siku hiyo, kila nilipokwenda, zipu ilinitangulia. Ningepanda ngazi za ulingo nikasikia upande mmoja "Zi!" na upande wa pili "Pu!" Mwaka mzima. Nami kila mara nilijifanya sitatazama, nikavumilia, nikavumilia, kisha nikatazama. Kijana yule alinipa mkate kwa neno moja, na sijui kama alipata kujua.

Sasa, msomaji wa kwanza. Ni kweli, mshindi tunamjua. Promota anatuambia mapema nani atalala na atalala vipi. Yaliyobaki, tena mengi, tunanong'onezana humo humo ulingoni, mdomo umefichwa nyuma ya mkono au kwenye nywele za mwenzio, na kwa mazoea ya kazi yetu anayeongoza mara nyingi ni adui. Anaongoza kwa masikio. Ninapomkaba stelingi, yule mwema mnayemshangilia, shingo na kumlaza chini, nyinyi mnaona mtu anakabwa. Mimi pale nasikiliza. Ukumbi ukiwa umepoa namwambia "bado." Nikisikia mguu mmoja unapigwa sakafuni, wa pili ukaufuata, kisha safu nzima, namwambia "amka." Anaanza kunyanyuka goti moja, analegea, ananyanyuka tena. Mnadhani kelele zenu ndizo zimemwinua, na hamjakosea hata kidogo.

Na kwa nini adui hufanya uhuni wake refa akiwa amegeuka? Ili mtazamaji awe ndiye pekee aliyeona. Tumemfanya shahidi. Mtu kaona rula ikitua mgongoni mwa mwenzake, refa yuko upande mwingine anagombana na mtu wa pembeni, halafu msomaji wetu anataka shahidi huyo atulie kama yuko maktaba! Atainuka tu. "Refa! Rula! Ana rula!" Refa akigeuka, rula iko ndani ya suruali, na mimi nimeinua mikono miwili kama malaika.

Anayetaka kujua mieleka ya kimya ikoje aitafute ya mwaka 2020. WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, walifanya WrestleMania ya 36, onyesho lao kubwa la mwaka, ndani ya kituo chao cha mazoezi kule Orlando, viti vitupu, kwa sababu ya korona. Unasikia viatu, pumzi, kamba zinavyolia, na mtu anamtukana mwenziwe bila kujibiwa na yeyote. Wanamieleka walewale, mapigo yaleyale, lakini ilikuwa kama kuangalia watu wanaohama nyumba. Japani waliporuhusu watazamaji kurudi mwaka huohuo, waliwakataza kupaza sauti, ikabaki makofi na kukanyaga sakafu. Hata hayo makofi yaliwatosha kusema "amka."

Uadui huu haukubuniwa jana. Marekani alikuwepo Gorgeous George, miaka ya 1940 na 1950, nywele amezitia rangi na kuzisokota, mtumishi wake anatangulia kunyunyizia ulingo manukato kabla bwana hajaingia. Watu walijaa ukumbini kwa hamu ya kumwona akipigwa. Mwaka 1961, Las Vegas, bondia chipukizi alikutana naye, akaona ukumbi ulivyofurika watu waliomchukia, akaelewa mara moja. Bondia huyo tulikuja kumwita Muhammad Ali. Ukisikia zile tambo zake kabla ya pambano, jua zina mjomba kwenye mieleka.

Tena umati huu unaoitwa wa kudanganywa ndio mara nyingi unaowabadilishia mabwana mipango. Toronto, tarehe 17 Machi 2002, Hulk Hogan aliletwa kama adui mbele ya The Rock. Watu zaidi ya 60,000 wakakataa. Wakamshangilia Hogan, wakamzomea stelingi waliyeletewa. Tazama kanda ile macho yakiwa kwa wapiganaji tu: wawili hawa wanasimama katikati, mmoja anageuza kichwa kushoto, mwingine kulia, wanausikiliza ukumbi, kisha wanapigana pambano ambalo ukumbi umeliomba. Mimi naliona kuwa somo bora la kazi yetu kuliko pambano lolote lenye sarakasi. Na New York, tarehe 11 Juni 2006, stelingi John Cena alivua fulana yake akawatupia mashabiki, kama alivyozoea. Ikarudi. Akaitupa tena, ikarudi tena. Hakukasirika, hakuukimbia ukumbi. Aliendelea kuitupa, na hapo alipata cha kucheza nacho usiku wote.

Haya, ndugu yangu uliyelipa kiingilio.

Mwaka wangu wa 6 mke wangu alilazwa. Ujauzito wa miezi mitano ulikuwa umeharibika. Niliomba ruhusa wiki moja, nikapewa siku mbili, nikarudi kazini maana tiketi zilikwisha kuuzwa na jina langu liko kwenye bango. Tuliokuwa tunajua tulikuwa wachache: sisi, majirani, na mtu au watu ambao majirani waliwaambia.

Pambano lilikwenda vizuri. Zi, pu, kama kawaida. Tulikuwa tumebakiza dakika tatu hivi. Stelingi amepanda kamba ya juu kabisa, amenipa mgongo, anawaonyesha watu kidole kwamba sasa anaruka kinyumenyume. Kazi yangu pale ni kusimama mahali pamoja, nimelewa kwa vipigo, na kumpokea. Mnaoita hii maigizo mfahamu kwamba yule anayeruka amenikabidhi shingo yake. Haoni nilipo. Ananiamini tu.

Mtu wa safu ya pili, mwanamume wa makamo, akaita: "Mwalimu! Mtoto yuko wapi?"

Watu wakacheka. Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu leo. Kwa mwalimu lilikuwa neno linaloingia, walidhani ni utani wa darasani. Yeye hakucheka. Alikuwa ananitazama aone limefika.

Lilifika. Niligeuza kichwa kumtafuta, na mguu ukafuata kichwa. Hatua moja. Mwenzangu alikuwa hewani tayari. Nilimpata kiunoni kwa mkono mmoja badala ya kifuani kwa miwili, akatua kwa mguu mmoja, na goti likapinda upande ambao goti halipindi. Refa akainama, akamuuliza, kisha akainua mikono akaikutanisha juu ya kichwa kama alama ya kuzidisha, ishara yetu kwamba jambo hili si maigizo, leteni daktari. Na kutoka safu ileile ya pili: "Simama wewe! Unajifanya!"

Mwenzangu alikaa nje miezi 11. Aliporudi hakupanda kamba ya juu tena.

Nilimfuata promota chumba cha kubadilishia nguo nikiwa bado na tai shingoni. Nikamweleza ni nani na amekaa wapi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Amelipa kiingilio." Ndiyo maana maneno hayo yalivyotokea kwenye gazeti lako, Mhariri, niliweka chai chini nikatafuta kalamu.

Kiingilio kinamnunulia mtu yule mwalimu mkuu. Rula, miwani, tai, zipu, kipara changu akitaka, mwendo wangu, ushindi wangu wa wizi: vyote hivyo nilivileta ulingoni niviuze, achukue. Mwanamieleka Kurt Angle ni bingwa wa Olimpiki wa 1996, dhahabu halisi, na kwa miaka watu walimwimbia "hufai!" kwa kufuata mdundo wa muziki wake wa kuingilia. Aliupokea, ukawa sehemu ya muziki wenyewe. Lakini mke wangu sikumleta ulingoni. Hakuwa kwenye bango.

Wapo na wengine wasio wabaya kiasi hicho ila wanachosha. Nawazungumzia wale wanaotaka ukumbi uwatazame wao. Watu wawili wanajenga pambano polepole, wao wanaimba jina la mwanamieleka ambaye hata hayupo usiku huo. Kuna na lile "nini?" ambalo mwanamieleka Steve Austin alilianzisha mwaka 2001 kwa mzaha wake mwenyewe, mpaka leo mtu akishika maikrofoni akameza mate tu, ukumbi unamrukia "nini?" Dawa yake, niwape siri ya kazi, ni kusema sentensi ndefu bila kituo. Nilijifunza kupumua kwa pua nikiongea. Sitaki wakatazwe, hawa. Nataka tu wajue kwamba yule kijana wa zipu aliwashinda wote kwa kuwa alitazama kwanza, ndipo akasema.

Meksiko watu wakifurahishwa sana na pambano huutupia ulingo fedha, sarafu na noti, na wapiganaji hulala pale wanahema huku mtu akiwaokotea. Mcheza kwao hutunzwa. Hawa hawa dakika kumi kabla walikuwa wanamtukania adui ukoo wake wa ulingoni, na adui huyo huyo anagawiwa sarafu sawa na stelingi. Ningependa kufika.

Kuna mpaka mwingine ambao sidhani unahitaji maelezo: kamba. Tarehe 6 Aprili 2019, Brooklyn, Bret Hart, mwanamieleka mkongwe wa miaka 61 aliyewahi kupata kiharusi na saratani, alikuwa anatoa hotuba ya heshima, mtazamaji akaparamia ulingo akamwangusha chini. Wanamieleka waliokuwa karibu walimshughulikia mtu huyo, na nadhani hapo alipata uhakika wa nani anajifanya na nani hajifanyi.

Ninachoomba kwa waandaaji ni kidogo. Mtangazaji, kabla ya pambano la kwanza, awaambie watu kwa sekunde 20: zomeeni, imbeni, mtukaneni adui mpaka masikio yake yawashe, ila familia na magonjwa ya watu yabaki nje. Anayevuka aguswe bega na mlinzi, mara ya pili atolewe, na kiingilio chake arudishiwe hadi senti ya mwisho ili asiwe na la kusema.

Nilistaafu kwa sababu ya mgongo. Mwezi uliopita nilimchukua mke wangu tukaenda kutazama vijana wa sasa, mara yake ya kwanza kukaa ukumbini. Miaka yote ile hakutaka. Adui wa usiku huo alikuwa daktari bandia mwenye koti jeupe na sindano kubwa ya plastiki. Alipomchoma stelingi nyuma ya mgongo wa refa, mke wangu alipanda juu ya kiti. Alimwita daktari yule mambo ambayo sikujua anayajua, mkoba unazunguka hewani. Nilimvuta gauni akae. Hakukaa. Daktari akamsikia, akageuka, akamnyooshea sindano: "Mama, wewe ndiye unayefuata!" Mke wangu akamtazama kuanzia kichwani, macho yakashuka taratibu, yakasimama kiunoni.

"Daktari," akasema, "zipu."

Mwalimu mkuu mstaafu,
msomaji wenu