Risala ya Walimu wa Kemia na Mafundi Sanifu Maabara kwa Mgeni Rasmi, Ilemela, Mwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Profesa wetu,
Wakuu wa shule, maofisa wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, wazazi na wanafunzi, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuja Mwanza. Kazi ya maisha yako, uchunguzi wa mabaki ya moto ili kujua kama petroli au mafuta mengine yalitumika kuuwasha, umeifundisha darasani, umeifanya maabara na umeitolea ushahidi mahakamani. Siku zote umesisitiza kwamba maabara haiwezi kurudisha kilichopotea eneo la tukio. Hilo ndilo tunalotaka wanafunzi wetu walishike leo.

Mheshimiwa, petroli hupotea haraka kwa joto, na maji ya kuzimia moto huondoka na spiriti na asetoni kwa kuwa huyeyuka majini. Kinachosalia hujificha kwenye zulia, godoro, nyufa za sakafu na udongo. Sampuli ikitiwa kwenye rambo, mvuke hupenya plastiki ukaisha, na wa sampuli jirani unaweza kuingia. Ndiyo maana unataka kopo jipya la bati, mfano wa yale ya rangi, lijazwe lisizidi theluthi mbili ili mvuke upate nafasi juu. Chupa ya kioo nayo yafaa, ila mfuniko usiwe na mpira, maana petroli huula. Glavu hubadilishwa kwa kila sampuli, na jenereta ya petroli hukaa mbali.

Udongo una adui wa ziada: bakteria hula sehemu za mafuta, yaani alkani zilizonyooka (minyororo ya kaboni isiyo na matawi) na baadhi ya aromatiki (zenye pete ya kaboni). Kwa joto na unyevu wa ufukweni kwetu, sampuli ikikaa siku kadhaa mezani matokeo yake yanaweza kupotosha. Igandishwe mapema.

Maabara, kipande cha mkaa amilifu, mkaa uliotengenezwa kunasa mvuke, huning'inizwa ndani ya kopo, likafungwa na kupashwa nyuzi 60 hadi 80 za Selsiasi, kwa kawaida saa 16. Mkaa ulionasa mvuke huoshwa kwa kaboni disulfidi, na kimiminika hicho hupitishwa kwenye kromatografia ya gesi yenye spektrometa ya masi, mtambo unaotenganisha viambato na kuvitambua, kila kimoja kikichorwa kama kilele kwenye grafu. Mafuta yakiwa mengi mno mkaa hujaa, molekuli nzito huzisukuma nyepesi, na petroli huonekana imechakaa, yaani imevukiza sehemu zake nyepesi, kuliko ilivyo.

Mafuta ya taa hujitambulisha kwa safu ya alkani, takriban zenye atomi za kaboni 9 hadi 16 kwa molekuli. Petroli hutambuliwa kwa kundi la aromatiki za ethilitolueni na trimethilibenzini, pamoja na methilinaftalini. Hapa ndipo wengi huteleza: zulia na plastiki zikiungua zenyewe hutoa tolueni, stireni na naftalini. Kilele kimoja hakitoshi kabisa. Huangaliwa uwiano wa kundi zima, kando ya sampuli ya zulia lilelile kutoka mahali pasiposhukiwa.

Mheshimiwa, somo hili lina uzito wa pekee kwetu wa ziwani. Stoo ya mvuvi Kirumba huwa na petroli ya injini ya mtumbwi, na penye karabai za dagaa pana mafuta ya taa. Kuyakuta humo hakumtii mtu hatiani. Injini za mipigo miwili huchanganyiwa oili, lakini oili ni nzito na kwa joto tulilotaja mkaa huinasa kidogo sana, hivyo isipoonekana haimaanishi haikuwemo. Tunaheshimu msimamo wako wa kuandika "haikubainika" pale ushahidi unapoishia.

Tuna maombi mawili. Kwanza, utusaidie kuandaa mafunzo ya ukusanyaji wa sampuli kwa askari wa zimamoto na polisi wa wilaya zetu, visiwani Ukerewe wakiwemo. Maabara za shule zetu ziko tayari kutumika wakati wa likizo. Pili, utuombee nafasi ya wanafunzi wa kidato cha sita kutembelea ofisi ya Kanda ya Ziwa ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwani kromatografia waliyoizoea ni ya wino na karatasi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.